Baiskeli mpya bado haijawa tayari: tuanze na breki

Mada iliyotolewa na ofisi ya miradi ya Dayosisi mbele ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wainjilisti na mafundi baiskeli, siku ya kukabidhi baiskeli.



Wengi wenu mmetoka nyumbani alfajiri mkitembea kwa miguu, mkitegemea kurudi mkiwa mmepanda. Baiskeli zipo, mmeziona zimepangwa mbele ya stoo. Hata hivyo hakuna itakayotoka kabla ya kupita mikononi mwa mafundi hawa, na isiyopita jaribio itabaki hapa hadi ipite. Tumesikia mnong'ono kwamba ofisi inawachelewesha watu kwa kitu ambacho ni kipya. Kwa hiyo tunapenda kueleza sababu, kisha tufanye kazi hii pamoja, ili kila mmoja akirudi kijijini aweze kuifanya mwenyewe au kumsimamia fundi wake.

Neno letu la leo ni moja: baiskeli inayotoka dukani haijakamilika. Imeunganishwa, lakini haijafungwa kwa ajili ya mtu fulani, mzigo fulani na njia fulani. Na sehemu ya kwanza inayohitaji kukamilishwa ni breki.

Kwa nini kitu kipya kirekebishwe?

Baiskeli nyingi tunazouziwa madukani zinatoka mbali. Hero inatengenezwa Ludhiana, India. Phoenix ni jina la Shanghai, China. Husafirishwa zikiwa vipande ndani ya maboksi, na huunganishwa huku kwetu na vijana wanaofanya kazi kwa haraka. Nati hukazwa kiasi cha kushika tu. Spoku bado hazijakaa mahali pake. Zikibeba mzigo siku za mwanzo, nyingine hulegea na gurudumu huanza kuyumba. Waya wa breki nao ukivutwa mara kadhaa, ncha za ganda lake hukaa vizuri na waya huonekana kama umerefuka. Hayo ni ya kawaida kwa kila baiskeli, na hatuyasemi ili kulaumu kiwanda wala duka. Tunasema kwamba kazi hii ya mwisho ina mwenyewe, na mwenyewe ni sisi.

Tukitaka kuamini kwamba jambo hili halihusu baiskeli za bei nafuu tu, tuangalie mchezo unaoitwa saiklokrosi. Unapendwa sana Ubelgiji na Uholanzi. Wanamichezo hukimbiza baiskeli kwenye matope, majani na mchanga wakati wa baridi, na mahali pasipopitika huibeba begani. Mashindano yake ya dunia yalianza mwaka 1950 jijini Paris. Kwa miaka mingi baiskeli hizo zilitumia breki za waya zinazoitwa kantileva, zenye mikono miwili midogo pembeni mwa gurudumu, kwa sababu zinaacha nafasi ya matope kupita. Mwaka 2010 chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, kiliruhusu breki za diski katika mchezo huo. Sasa, mtu aliyenunua baiskeli ya saiklokrosi dukani, kwa fedha nyingi, mara kwa mara alikuta kwamba breki ya mbele inapiga kelele na foko inatetemeka kila anapoibana. Ilibidi apange upya raba, abadilishe urefu wa waya, au ahamishe kishikio cha waya kutoka kwenye shingo ya usukani na kukiweka chini, kwenye foko yenyewe. Ikiwa baiskeli ya mashindano huhitaji marekebisho hayo, yetu itakayobeba boksi la dawa na gunia la mahindi itakosaje kuyahitaji?

Mteremko hauna huruma

Sisi tunaishi milimani. Barabara ya kutoka Lushoto hadi Mombo peke yake inashuka takriban mita 1,000 kwa urefu wa kilomita zipatazo 33, na vijia vya kwenda vijijini vina miteremko mikali kuliko hiyo.

Tuchukue hesabu ndogo. Baiskeli inakwenda kilomita 20 kwa saa. Mpandaji anamwona mtoto njiani. Katika sekunde moja ya kushtuka na kufikisha vidole kwenye breki, tayari ameshakwenda karibu mita 6. Kama breki zake ni nzuri na njia ni tambarare na kavu, atahitaji mita 5 nyingine kusimama. Jumla ni mita 11. Kama breki zake zina nguvu ya theluthi moja tu, zile mita 5 zinakuwa 15, na jumla ni mita 21. Mtoto yule hayuko mbali kiasi hicho.

Hapo tumezungumzia tambarare. Kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, ile breki dhaifu haisimamishi baiskeli. Nguvu yake yote inaishia kuzuia mwendo usizidi. Ukipakia gunia la kilo 50 kwenye keria, hata hilo linaishinda: mpandaji amebana mikono yote miwili, na baiskeli inazidi kuongeza kasi. Ndugu zetu, huyo mtu hakuzembea. Alibana breki ipasavyo. Breki ndiyo iliyokuwa haipo.

Kuna na joto. Baiskeli ya kilo 20, mpandaji wa kilo 65 na mzigo wa kilo 50 wakishuka mteremko wa namna hiyo kwa kilomita 3, nguvu inayopaswa kumezwa inatosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji. Kiasi fulani huchukuliwa na upepo na matairi, lakini sehemu kubwa inaishia kwenye vipande vinne vya raba na ringi mbili. Ndiyo maana tunasema: kwenye mteremko mrefu simama katikati, pumzisha mikono, acha ringi zipoe. Ringi ikichemka sana, hata tyubu inaweza kupasuka.

Breki za vyuma

Nyingi kati ya baiskeli zilizoko pale nje zina breki za vyuma, zile zinazovutwa kwa vijiti badala ya waya. Uzuri wake ni kwamba hazikatiki ovyo, na fundi wa kijiji anazirekebisha kwa spana moja. Udhaifu wake mkubwa ni mvua. Ringi zake ni za chuma kilichopakwa kromu inayong'aa, na raba ikikutana na kromu iliyoloa hushika kidogo sana kuliko ikiwa kavu. Ringi za aluminiamu hushika vizuri zaidi wakati wa mvua, kwa hiyo anayebadilisha ringi iliyochakaa, na ambaye baiskeli yake ina breki za waya, afikirie aluminiamu. Mwenye breki za vyuma asifanye hivyo bila kumwuliza fundi, kwa kuwa raba zake hubana upande wa ndani wa ringi, na si kila ringi ina uso wa kubanwa hapo.

Mambo ya kufanya ni haya:

Kwanza, zungusha gurudumu na uangalie kama linapanda na kushuka au linayumba pembeni. Gurudumu lisilo sawa halina breki inayoweza kupangwa. Fundi anyooshe kwa kukaza na kulegeza spoku kabla ya kugusa kitu kingine.

Pili, panga raba zote mbili ziguse ringi kwa wakati mmoja na kwa uso wote. Acha nafasi ya milimita 2 hadi 3. Ikizidi hapo, mkono wa breki utafika kwenye usukani kabla raba haijabana.

Tatu, kila mara unaporudisha gurudumu la nyuma ili kukaza mnyororo, pima breki upya. Gurudumu likisogea, na nafasi ya raba imebadilika. Hili linasahaulika sana.

Nne, kamwe usitie mafuta kwenye ringi, hata kama inapiga kelele. Mafuta ni ya mnyororo na viungo. Ringi inaoshwa kwa maji ya sabuni na kufutwa kwa kitambaa safi.

Breki za waya

Baadhi yenu mna baiskeli za mtumba kutoka Ulaya na Japani, na hizo nyingi ni za waya. Humo mtakutana na kantileva tulizozitaja, na pia breki za V, zenye mikono mirefu inayosimama wima na waya unaopita juu yake kwa mlalo.

Waya ndio uhai wa breki hizi. Ukiona uzi mmoja umekatika, usingoje wa pili, badilisha. Ganda la waya lisipindwe sana, na likikatwa, ncha yake isawazishwe kwa tupa na kuvikwa kofia yake. Mafundi wetu tunawaomba mzingatie jambo moja la hatari: ganda la waya wa gia halifai kwa breki. Kwa nje yanafanana, lakini la gia lina nyuzi zilizolala kwa urefu, na likibanwa kwa nguvu ya breki linaweza kupasuka ghafla. La breki lina chuma kilichojizungusha kama springi. Kata ncha uangalie kabla ya kufunga.

Raba ziguse ringi tu. Zikipanda juu zinakula tairi. Zikishuka zinateleza na kuingia kwenye spoku. Ncha ya mbele ya raba, upande ambao ringi inaelekea, itangulie kugusa kwa kama milimita 1. Njia rahisi ni kuweka kipande cha boksi chini ya ncha ya nyuma, kubana breki, kukaza nati, kisha kutoa kipande hicho. Kelele na mtetemo mwingi huishia hapo. Raba iliyokauka kwa jua na kung'aa isuguliwe kwa msasa, na punje za mchanga au vipande vya chuma vilivyonasa vitolewe kwa ncha ya kisu, maana vinakula ringi. Kipande cha tairi kilichokatwa na kufungwa badala ya raba hakikai sawasawa. Kinaweza kukufikisha kwa fundi, lakini kisikupeleke kwenye mteremko.

Kwenye kantileva, angalia ule waya mfupi unaounganisha mikono miwili juu ya tairi. Kiungo chake kikishushwa, breki hubana kwa nguvu zaidi. Kikipandishwa, nguvu hupungua. Lakini usikishushe hadi kikaribie tairi. Na hapa pana hatari nyingine: waya mkuu ukikatika, ule mfupi unaweza kuanguka kwenye tairi lenye meno na kulifunga gurudumu la mbele papo hapo. Kwa hiyo kila baiskeli ya kantileva iwe na madigadi ya mbele, au kipande cha chuma kilichofungwa kwenye foko cha kuudaka waya huo.

Jambo la mwisho kuhusu waya: mkono wa breki na breki yenyewe viendane. Mikono iliyotengenezwa kwa breki za V huvuta waya mrefu. Ukiifunga kwenye kantileva, mkono utakuwa mgumu kama jiwe na breki itashika kidogo. Ukifanya kinyume, mkono utalala hadi kwenye usukani. Baiskeli za mtumba zilizobadilishwa vipande mara nyingi zina kasoro hii, na mwenyewe huzunguka kwa mafundi akibadilisha raba bila kupona.

Baiskeli imkae mwenyewe

Breki nzuri haimsaidii mtu ambaye vidole vyake haviifikii. Tumeona akina mama wakipewa baiskeli ambayo usukani na kiti vimefungwa kwa kipimo cha mwanaume mrefu. Leo kila mmoja atapimwa.

Kaa kwenye kiti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila kiuno kuinamia upande. Ukikanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya mguu, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hapo ndipo mahali pake. Nguzo ya kiti isivutwe kupita alama yake ya mwisho. Mikono ya breki igeuzwe ili vidole viifikie bila kuachia usukani, na ikibanwa kabisa ibaki na nafasi ya vidole viwili.

Kisha bana breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia kitu kinagonga kwenye shingo ya usukani, gololi zimelegea, zikazwe. Mnyororo ucheze kama sentimita 1 katikati. Nati za magurudumu na za keria zikazwe leo, na zirudiwe baada ya wiki ya kwanza. Mzigo ufungwe chini na katikati, usielemee upande mmoja.

Kuogopa breki ya mbele

Tunajua wapo waliokwisha kuiondoa breki ya mbele, wakiamini kwamba inapindua mtu. Tuseme ukweli. Unapobana breki, uzito wa mpandaji unasogea mbele. Gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na linateleza. La mbele linashika ardhi. Kwa hiyo penye njia kavu breki ya mbele inaweza kufanya kazi kubwa zaidi ya ile ya nyuma. Aliyeiondoa ameacha nusu bora ya breki zake nyumbani.

Kinachopindua ni kuibana ghafla huku mwili umelegea. Anza na zote mbili kwa pamoja, ongeza nguvu polepole, nyoosha mikono na urudishe makalio nyuma. Penye matope, mchanga au kona, punguza mwendo kabla ya kufika, na breki ya mbele iguswe kwa upole. Wakati wa mvua, bana kidogo mapema ili raba zifute maji kwenye ringi, kisha ubane hasa. Kwanza kabisa ujue mkono upi unashika gurudumu lipi, kwa maana baiskeli za mtumba hutofautiana.

Jaribio la leo

Jaribio ni jepesi na kila mmoja atalifanya mbele ya fundi. Simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele na uisukume: gurudumu lisizunguke. Bana ya nyuma na uisukume: gurudumu liburuzike. Mwaga maji kwenye ringi zote mbili, urudie. Kisha weka mzigo wa kilo 30 kwenye keria, ushuke mteremko ule wa kanisani ukitembea kando yake, usimame kila fundi anaponyosha mkono. Ukiridhika wewe na akaridhika fundi, mtaweka sahihi wote wawili.

Nani alipe?

Ndugu Mwenyekiti, tumeulizwa kwa nini tumeweka fungu la mafundi na vipuri katika bajeti, wakati fedha hiyo ingenunua baiskeli nyingine. Swali ni la haki. Fomu nyingi za miradi zina sehemu ya kuandika idadi ya baiskeli zilizogawiwa, na hazina sehemu ya kuandika idadi ya zinazosimama. Anayesoma taarifa hufurahia namba kubwa. Lakini mhudumu wa afya aliyevunjika mkono hafiki kwa mjamzito anayemsubiri, na familia yake ndiyo itakayobeba gharama ambayo mradi uliikwepa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo msimamo wa ofisi ni kwamba kila baiskeli itakayogawiwa itahesabiwa pamoja na kazi ya fundi ya siku ya kwanza, marekebisho baada ya wiki ya kwanza, na seti moja ya raba za akiba. Kama fedha hazitoshi, tutapunguza baiskeli; hatutapunguza breki. Tunawaomba wajumbe wa kamati mtuunge mkono katika hili wakati bajeti ya mwaka ujao itakapoletwa mbele yenu.

Nanyi mafundi, tunawaomba jambo moja. Mtu akija kwenu na pancha, zibeni pancha, kisha mbane mikono ya breki kabla hajaondoka. Mkikuta kasoro mwambieni, hata kama hana fedha siku hiyo. Akijua, atashuka kwa miguu mahali pa kushuka kwa miguu.

Sasa tuelekee stoo. Spana na raba ziko kwenye meza ya kwanza, ndoo za maji ziko nje. Tutaanza na wale wanaokwenda mbali zaidi, ili wafike kabla ya giza.